Kodi ya Jiko

Mavazi tumeshapata: mapazia ya mitumba ya Kiboriloni,
mekundu ya kukolea, bado yananuka dawa ya nondo.
Kilichobaki ni majina.

Mchezo ni wa Siena, mwaka elfu moja mia mbili tisini na moja.
Wanawake watano wanagombea tanuri moja la mkate,
na wasichana wangu wa kidato cha tatu, hapa Rau,
wanataka kuitwa Vanesa.
Wote watano. Vanesa.

Nikawaambia: Vanesa hajazaliwa.
Atachelewa miaka mia nne na ushei.
Ukimwita leo, kwa sauti, katikati ya uchochoro ule,
hakuna dirisha litakalofunguka.

Sista Emerensiana, aliyesoma huko akarudi na goti bovu,
amenipa kurasa kumi na moja za nakala,
daftari la kodi ya jiko: kila moshi na mwenye moshi wake.
(Nasoma nikiwa Moshi. Nimecheka peke yangu.)
Nasoma kwa Kilatini cha misa na kwa kidole,
nao wanajitokeza, wakipangusa unga mikononi:
Lapa. Nuta. Ghita. Mea.
Benvenuta, ambaye kwetu angeitwa Karibu
wala asingeona ajabu.
Diamante, binti wa mshona viatu,
almasi ya nyumba isiyo na almasi.
Contessa, ambaye kwa jina ni mke wa mtawala,
kwa kazi muuza vitunguu;
wakamkata, akabaki Tessa,
kama tulivyomkata Apaikunda akabaki Kunda,
na Ndeonansia, Nansia.
Jina refu ni la padri na karani.
La kuitia mtu aje aepue chungu
ni fupi, popote pale.

Gaudensia alichungulia begani kwangu,
akajikuta ukurasa wa saba, mstari wa nne,
Gaudentia, na deni la ngano.
"Hilo ni la bibi yangu," akanuna,
"mimi nataka la zamani la kweli."

Ukurasa wa tisa, wino unabana.
Mke wa Bonino, sarafu mbili.
Mke wa Lapo, sarafu moja na nusu.
Mjane wa Guccio, hana kitu; asamehewe.

Mwandiko huu naujua.
Niliuona Kibosho, kwenye daftari la ushirika,
jalada lililotafunwa na mende:
Mjane wa Maro, kahawa, kilo arobaini na tatu.
Huyo ni bibi yangu.
Kilo zake zote zimehesabiwa, hata nusu haikupotea.
Nilimwuliza baba jina lake.
Alifikiri mpaka chai ikapoa.
"Sisi tulimwita Mama," akasema,
kisha akainuka kwenda kuangalia ng'ombe
ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ningeweza kubuni. Ndiyo kazi yangu, kubuni.
Naweza kumpa mjane wa Guccio jina la Fiore, au Bona,
la haki kabisa, la karne yake, lenye ushahidi,
na hakuna mzazi ukumbini atakayenishtaki.
Kalamu ilikaa juu ya karatasi
kama nzi asiyejua atue wapi.

Mwalimu Kileo anataka orodha, mpiga chapa anasubiri.
Nimeandika:
Lapa. Nuta. Tessa. Gaudensia (kwa shingo upande).
Mjane wa Guccio.

Nasieku, atakayemwigiza, amekuja ofisini:
"Kwa nini mimi peke yangu sina?"
Nimemwambia sijui.
Nimemwambia: wakikuita Mjane, usigeuke.
Endelea kukanda.
Waache wahangaike kidogo, wakutafutie.

Jana kwenye mazoezi walimwita mara tatu.
Mara ya tatu Lapa alisahau maneno yake,
ukumbi ukanyamaza,
na kilichosikika ni unga tu, ukipigwa mezani,
ukigeuzwa,
ukipigwa.